Ubongo mpya ndani ya Prophet-600: ukarabati au uharibifu?

Januari 1983, kwenye maonyesho ya ala za muziki ya NAMM huko California, kinanda cha umeme cha Prophet-600 cha kampuni ya Sequential Circuits kiliunganishwa kwa waya na Jupiter-6 cha Roland. Kilichobonyezwa huku kikalia na kule. Hivyo ndivyo MIDI, lugha ya pamoja ya vinanda vya kampuni tofauti, ilivyoonyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza. Miaka mingi baadaye kinanda hichohicho kimegawanya wapenzi wake, kwa sababu kuna bodi ndogo ya kisasa, Teensy++ 2.0, inayoweza kuchomekwa mahali pa prosesa yake ya zamani, yaani chipu inayopiga hesabu, Z80, ikiwa na programu mpya iliyoandikwa na mpenzi mmoja wa vinanda.

Wanaopinga husema ukitia kompyuta kwenye kinanda cha analogi, ambacho sauti yake hutoka kwenye saketi za umeme na si kwenye hesabu za kompyuta, unaua sauti yake. Kwa kinanda hiki, hoja hiyo haina mashiko. Prophet-600 inapiga noti sita kwa pamoja, na kila noti ina osileta mbili za analogi, zinazozalisha sauti, na kichujio chake, kinachopunguza au kuongeza makali ya sauti hiyo. Teensy haibadilishi hata kimoja kati ya hivyo. Isitoshe, tangu kilipotoka kiwandani, Z80 ndiyo iliyokuwa ikisoma vitufe, kutyuni osileta na kukokotoa jinsi sauti inavyopanda ukibonyeza na kufifia ukiachia. Dijitali ilikuwamo tangu siku ya kwanza, ila ilikuwa imeelemewa.

Kuelemewa kwenyewe unakusikia. Tengeneza sauti fupi, kavu, ya kugonga kama ngoma, nayo inatoka butu, makali yake yameliwa. Zungusha nobu ya kichujio polepole, na badala ya kuteleza, sauti inapanda vidaraja kimoja kimoja. Bodi mpya hupiga hesabu hizo kwa kasi zaidi na kwa hatua ndogo zaidi, na zile osileta ambazo hazijaguswa husikika zikiwa na nguvu ambayo haikupata njia ya kutokea.

Hata hivyo upande wa pili una hoja nzito, nami siipuuzi. Ule ubutu ndio sauti halisi ya kinanda hiki ya mwaka 1983. Mtu aliyerekodi nacho wakati huo akitaka kupiga tena wimbo wake kama ulivyokuwa, programu mpya itampa kitu kingine, hata kama ni kizuri zaidi. Pia kuna suala la vipuri. Z80 iliingia sokoni mwaka 1976, na Zilog, kampuni inayoitengeneza, ilitangaza kuiondoa mwaka 2024 tu. Karibu nusu karne. Bodi za kisasa mara nyingi hazidumu sokoni hata robo ya muda huo.

Kinachonifanya niegemee upande wa bodi mpya ni namna inavyowekwa. Z80 imekaa kwenye soketi, haikulehemiwa. Unachomeka bisibisi bapa chini ya ncha moja, unainua kidogo, unahamia ncha ya pili, unarudi ya kwanza, hadi miguu yote 40 itoke bila kupinda. Teensy, ikiwa imelehemiwa miguu yake pembeni mezani, inaketi palepale. Hakuna tundu linalotobolewa kwenye jumba wala njia inayokatwa kwenye saketi.

Minimoog ya mwaka 1970, kinanda kingine cha analogi, ningeitetea kwa msimamo tofauti kabisa. Ile haina prosesa ndani yake, na nimeona picha za vinanda vya rika lake vilivyotobolewa paneli kwa drili ili kupata nafasi ya soketi za MIDI. Chuma kikishatobolewa hakirudi.

Kwa hiyo mwenye Prophet-600 ningemwomba jambo moja tu: Z80 iliyotoka isitupwe wala kuuzwa. Ichomekwe kwenye sponji nyeusi inayozuia umeme tuli, ifungwe vizuri na kuwekwa ndani ya begi la kinanda, ili atakayekinunua kesho aweze kuirudisha.