Levo 3 ya maporomoko ya theluji sio "katikati"

Kila msimu wa theluji ubishi ni uleule. Mtu kapanda mlima nje ya njia za skii, theluji ya mteremko imekatika akiwa juu yake na kuporomoka, ukiuliza unaambiwa "si taarifa ya hatari ya maporomoko ilisema 3 tu kati ya 5". Hiyo "tu" ndo inaniudhi. Wapo wanaowatupia lawama watabiri: 3 inabandikwa siku baada ya siku mpaka watu wameizoea kama kelele za feni, halafu ni ya eneo zima la makumi ya kilomita wakati mimi nimesimama kwenye mteremko mmoja. Hoja hiyo siipuuzi.

Lakini jamani, hizi sio maksi za mtihani kwamba 3 ni wastani. Hatari haipandi hatua sawasawa, inaruka, na maelezo rasmi ya levo 3 yanasema mzigo mdogo tu, yaani hata mtu mmoja, unaweza kuukata mteremko mkali. SLF, taasisi ya utafiti wa theluji na maporomoko kule Davos, Uswisi, inasema levo 3 inatangazwa karibu theluthi ya siku za msimu ila inabeba karibu nusu ya vifo. Levo 5 tunayoiogopa wote inaua watembeaji wachache mno, kwa sababu siku hiyo nani anatoka? Siku ya 3 jua linawaka, theluji mpya, nyayo za waliotangulia zinaonekana zimepita salama (nyayo hazithibitishi kitu, wa saba ndo anaweza kukanyaga pale theluji ilipo nyembamba na kila kitu kikaondoka). Utaniambia vifo ni vingi sababu watu ni wengi siku hizo. Sawa, kwa kiasi fulani. Ila si umeshakubali kwamba 3 inasomwa kama ruhusa?

Halafu watu wanaona namba wanazima simu. Chini yake kumeandikwa hatari iko juu ya mita ngapi, miteremko inayotazama wapi, shida ni theluji iliyorundikwa na upepo au tabaka dhaifu la zamani. Ya upepo mara nyingi inatulia ndani ya siku chache, tabaka dhaifu linaweza kukaa huko chini wiki na wiki, chembe zake kama sukari, hazishikani. Chimba uone: kata nguzo ya theluji ya sentimita 30 kwa 30, laza koleo juu yake, gonga mara 10 kutoka kwenye kifundo cha mkono, 10 kutoka kwenye kiwiko, 10 kutoka begani. Ikikatika pigo la tatu na kuteleza nje kama droo, hapo mtabiri kakuficha nini?

Wanaosema 3 ni pana mno nawaunga mkono, na Waswisi wamesikia, tangu mwishoni mwa 2022 wanaweka alama za kutoa na kujumlisha pembeni ya namba, ukiona 3+ ujue 4 iko mlangoni. Ila haitamsaidia asiyepima nyuzi za mteremko, maana maporomoko haya ya theluji inayokatika kama kibao, tabaka zima kwa mpigo, karibu yote yanaanzia penye nyuzi 30 kwenda juu, na siku ya 3 ukibaki pale palipolala zaidi, bila mteremko mkali kukuning'inia kichwani, unatembea mpaka jioni.