Mauaji ndani ya haveli: hadithi ya jumbani ina kwao India

Wachambuzi wengi wa riwaya za upelelezi wana hukumu waliyoizoea kuhusu hadithi za mauaji ya jumbani zinazowekwa India: kwamba ni hadithi ya Kiingereza iliyohamishiwa kwenye joto. Jumba la mashambani, wageni waliokuja kukaa siku mbili tatu, tajiri mzee anayekutwa amekufa maktabani, mtumishi anayeleta chai, na mpelelezi anayewakusanya wote sebuleni na kumtaja muuaji. Panda mwembe nje ya dirisha, badili jina la mpishi, kazi imekwisha. Umbo hilo, wanasema, lilizaliwa na wenye ardhi wa Uingereza na kulelewa na dola yao, na kulipeleka India ni kuutamani tena ukoloni.

Lawama hiyo haikutoka hewani. Tangu The Moonstone ya Wilkie Collins, iliyotoka mwaka 1868 na inayohesabiwa miongoni mwa riwaya za kwanza kabisa za upelelezi kwa Kiingereza, India imefanywa ghala la mali na la vitisho. Almasi iliyoporwa Seringapatam, kusini mwa India, mwaka 1799 inafika kwenye jumba la Yorkshire, Uingereza, na nyuma yake wanakuja Wabrahmini watatu, watu wa tabaka la makuhani wa Kihindu, wanaonyemelea bustanini. Ingawa Collins, na hili wengi hulisahau, alimfanya ofisa wa Kiingereza kuwa mwizi wa kwanza. Mwaka 1890 Conan Doyle, muumba wa Sherlock Holmes, akaleta hazina ya Agra na mtu wa visiwa vya Andaman mwenye mishale ya sumu. India ilitoa hazina na hofu, akili ya kufumbua ikabaki London. Hata mpelelezi alipokuwa Mhindi mambo hayakunyooka: H.R.F. Keating, Mwingereza aliyemuumba Inspekta Ghote wa Bombay mwaka 1964, aliandika juu yake takriban miaka 10 kabla ya kuikanyaga India.

Na riwaya zinazowekwa katika miji ya milimani, kule Shimla, Ooty au Mussoorie ambako Waingereza walikimbilia hali ya hewa ya baridi, nyingi zina kasoro inayonikera mimi pia. Nyumba ina watumishi wengi kuliko wenyewe. Wapo wa mlangoni, wa bustanini, wa farasi, wa maji, yaya, mpishi na msaidizi wake. Watu hawa huona kila kitu, lakini mwandishi anawahitaji wasijue chochote ili Waingereza saba waliobaki mezani washukiane kwa raha. Hapo wanaolaumu wako sahihi, na jumba la namna hiyo sina haja ya kulitetea.

Ninalokataa ni hatua inayofuata, ya kusema kwamba umbo lenyewe ni la kuazima. Jiulize linahitaji nini hasa. Linahitaji watu waliofungwa pamoja na mali, wasioweza kuondoka hata wakichukiana. Linahitaji nyumba yenye sheria za nani aingie chumba gani. Linahitaji mzee ambaye kifo chake kitahamisha ardhi. Uingereza ya 1920 ilikuwa na mambo hayo kwa tabaka dogo, na tabaka hilo lilikuwa tayari linauza majumba yake kwa mzigo wa kodi. India imekuwa nayo kwa familia chungu nzima, za Wahindu na Waislamu, za wenye ardhi na za wafanyabiashara, na katika nyumba nyingi bado yapo. Haveli, lile jumba la kale la kaskazini lenye ua katikati na vyumba vinavyotazama ndani, imejengwa kana kwamba mjenzi alijua kuna siku mpelelezi atasimama uani na kuuliza nani alimwona nani.

Nianze na mirathi, kwa sababu ndipo wanaolaumu wanapotazama kwa haraka mno. Katika riwaya ya Kiingereza fumbo husimama juu ya wosia: mzee anataka kuubadili, wakili anakuja kesho, basi lazima afe leo. Ni sababu nyembamba, tunaikubali kwa mazoea tu. Sheria ya mali ya familia ya Kihindu ina vishawishi vizito kuliko hivyo. Kwa karne nyingi sehemu kubwa ya India ilifuata mapokeo ya Mitakshara, ambamo mtoto wa kiume ana haki katika mali ya ukoo tangu azaliwe. Mafungu hayatulii: akifa mwanamume mmoja wa ukoo, ya waliobaki yananenepa; akizaliwa mvulana, yanapungua. Kwa hiyo mimba ya mke wa kaka mdogo ni habari ya fedha kwa kila mwanamume aliyeketi kula. Bengal walifuata Dayabhaga, ambamo baba ni mmiliki kamili mpaka anapokata roho, na wanawe wanangoja hata wakiota mvi. Mzee yule yule akiuawa, sababu za kumuua ni tofauti Calcutta, huko Bengal, na tofauti Banaras, kwenye Mitakshara.

Halafu wakaja mabinti. Sheria ya Urithi ya Wahindu ya mwaka 1956 iliwapa fungu katika alichoacha baba, lakini haikuwaingiza katika umiliki wa pamoja wa mali ya ukoo. Waliingizwa na marekebisho yaliyoanza kutumika tarehe 9 Septemba 2005: binti akawa mmiliki kwa kuzaliwa, sawa na kaka yake. Swali likazuka hapo hapo. Na kama baba alikufa kabla ya tarehe hiyo? Mwaka 2015, katika kesi ya Prakash dhidi ya Phulavati, Mahakama ya Juu ilijibu kwamba haki ni ya binti aliye hai ambaye baba yake naye alikuwa hai tarehe 9 Septemba 2005. Mwaka 2018 majaji wengine wakatoa hukumu iliyoonekana kwenda kinyume. Mwaka 2020, katika kesi ya Vineeta Sharma, majaji 3 wakalimaliza: haki ya binti inatokana na kuzaliwa kwake, na uhai wa baba siku ile hauhusiki.

Itazame miaka hiyo mitano kwa jicho la msomaji wa riwaya hizi. Mzee aliyekata roho saa 5 usiku tarehe 8 Septemba 2005 aliwaacha mabinti zake nje ya umiliki wa ukoo. Aliyekata roho saa 7 usiku huo huo, saa mbili tu baadaye, aliwaacha ndani, sawa na kaka zao. Katika riwaya za kawaida saa ya kifo hutafutwa ili kuvunja kisingizio cha mtu: saa iliyosimama, moto uliowashwa chumbani ili maiti isipoe. Hapa saa ya kifo ndiyo mali yenyewe. Mwaka 2016 kaka anayefahamiana na daktari aliyeandika cheti cha kifo ana kila sababu ya kutaka tarehe irudi nyuma kwa usiku mmoja, na dada aliyeshika mkono wa baba usiku ule, anayekumbuka adhana ya alfajiri ikisikika kutoka mtaa wa pili huku mzee bado anapumua, amekuwa shahidi wa hatari kuliko wote nyumbani. Mauaji yatakayofuata hayatamhusu mzee hata kidogo.

Kuna na hili. Marekebisho hayakugusa mali iliyogawanywa kabla ya tarehe 20 Desemba 2004, mradi mgawanyo uwe kwa hati iliyosajiliwa au kwa amri ya mahakama. Hebu fikiri kishawishi cha kuwa na hati ya zamani. Hati za namna hiyo huandikwa kwenye karatasi za stempu, na mgongoni mwa karatasi muuzaji wa stempu huandika namba, siku aliyoiuza na jina la mnunuzi, kisha huyaingiza hayo hayo katika daftari lake. Kaka analeta hati ya mwaka 2003. Mbele kila kitu ni safi, saini ya baba iko, mashahidi wote wameshafariki. Mpelelezi anaigeuza, anasoma maandishi ya muuzaji, anakwenda kwenye kibanda chake nje ya mahakama ya wilaya na kuomba daftari, aone karatasi iliuzwa lini hasa. Sioni la kikoloni katika tukio hilo. Ni mambo ambayo mawakili wa Lucknow na Kanpur huyajua kwa mazoea ya kazi, na riwaya hazijayatumia vya kutosha.

Zaidi ya mali kuna milango. Wanawake wa utawani, wasioonekana na mwanamume asiye wa nyumba, walifanya nusu ya jumba isifikiwe na polisi wala wakili. Hilo halikutungwa na mwandishi. Cornelia Sorabji, mwanamke wa kwanza kusoma sheria Oxford, aliajiriwa na serikali tangu 1904 kuwa mshauri wa kisheria wa wanawake kama hao, wenye mashamba makubwa kwenye makaratasi na wasio na njia ya kumfikia hakimu. Sujata Massey alimchukua kuwa kielelezo katika riwaya yake ya 2018 inayotokea Bombay ya 1921: wajane watatu wa mume mmoja utawani, msimamizi wa mali anauawa ndani ya nyumba yao, na mtu pekee wa sheria anayeweza kuvuka pazia ni mwanasheria mwanamke. Waandishi wa Kiingereza walihangaika kutafuta theluji au mafuriko ya kuwafungia watu ndani. Hapa pazia linatosha.

Jikoni nako ni vivyo hivyo. Katika nyumba ya Wabrahmini wenye kushika desturi, mpishi mwenyewe aghalabu alikuwa Brahmini, na mfagizi wa vyoo hakuruhusiwa kuvuka kizingiti cha jiko. Sumu ikikutwa kwenye dengu, orodha ya walioweza kuitia ilikwisha andikwa na tabaka la kuzaliwa kabla polisi hawajafika. Mfagizi anatoka kwenye orodha kwa kanuni ile ile inayomdhalilisha. Anayelaumu atasema kwamba hapo mateso ya watu yanageuzwa mchezo wa kubahatisha, na neno lake ni zito. Nakubali kwamba mwandishi mvivu atafanya hivyo. Lakini sijui umbo jingine la riwaya pendwa linalomlazimisha msomaji aijue kanuni hiyo barabara, chumba kwa chumba, kwa sababu asipoijua hatalifumbua fumbo.

Hoja ngumu zaidi ya upande wa pili ni ile ya mwisho safi. Mauaji ya kweli ya nyumbani, wanasema, hayafumbuliwi sebuleni, na India ina kesi inayoumiza kama ushahidi. Mei 2008, katika fleti moja ya Noida pembeni mwa Delhi, msichana wa miaka 13 alikutwa ameuawa chumbani kwake. Mtumishi wa nyumba, Hemraj, hakuonekana, na mara moja akawa mshukiwa. Kesho yake mwili wake ukakutwa juu ya paa la jengo hilo hilo. Naye alikuwa ameuawa. Wazazi wa msichana walitiwa hatiani mwaka 2013, na mwaka 2017 Mahakama Kuu ya Allahabad ikawaachia. Hakuna mwingine aliyetiwa hatiani. Hakuna riwaya yenye haki ya kulisawazisha jambo kama hilo.

Hata hivyo mimi naisoma kesi hiyo kwa upande mwingine. Kwa muda wa siku nzima mtu aliyekuwa maiti aliitwa muuaji, kwa kuwa tu alikuwa mtumishi na hayupo, na hakuna aliyepanda ngazi akafungua mlango wa paa. Kanuni za riwaya za upelelezi alizoandika mwandishi wa Marekani S.S. Van Dine mwaka 1928 zilikataza mtumishi kuwa muuaji, kwa dharau ya kwamba si mtu wa uzito wa kutosha. Kanuni hiyo ikiwekwa katika nyumba ya India inapata kazi nyingine: inamzuia mpelelezi kuchukua jibu la kwanza ambalo kila mtu chumbani analitaka. Inambidi apekue kila mlango, na amwulize mpishi alichokiona, akichukue kama ushahidi wa mtu mwenye macho. Mwandishi anayewaacha watumishi wawe vivuli tu ameliharibu umbo lake mwenyewe.

Na ile sebule yenyewe, inayochekwa kuliko yote, ina tegemeo katika sheria ya India kuliko ilivyowahi kuwa nalo Uingereza. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872, sheria ambayo Waingereza waliitumia pia Kenya na Tanganyika, kilisema kwamba ungamo lililotolewa kwa ofisa wa polisi halithibitishwi dhidi ya mshtakiwa. Sheria mpya iliyoanza kutumika Julai 2024 imelibakiza katazo hilo. Kilichoungamwa kwa polisi kinapokelewa kwa sehemu tu, pale kinapopelekea kitu kupatikana: kisu kisimani, chupa chini ya sakafu. Lakini ungamo la hiari mbele ya shangazi au jirani linaweza kupelekwa mahakamani, hata kama majaji hulipima kwa tahadhari. Kwa hiyo mtu asiye polisi anayewakusanya ndugu, anayezungumza mpaka mmoja wao akasema mwenyewe mbele ya wote, huku inspekta akingoja nje ya geti, anafanya jambo ambalo inspekta hawezi kulifanya. Agatha Christie alilazimika kubuni sababu za kumweka raia wa kawaida katikati ya chumba. Mwandishi wa India amepewa sababu hiyo na sheria ya nchi yake tangu 1872.