Pole au Samahani, Bwana Bettman?

Jumatano iliyopita, tarehe 9 Januari 2013, Gary Bettman, kamishna wa NHL, ligi ya hoki ya barafuni ya Marekani na Kanada, alisimama mbele ya kamera kule New York akatuambia sisi mashabiki kwamba anasikitika. Hapo ndipo Kiingereza kinaponishinda. Wenyewe wana neno moja tu la kazi hiyo. Ukimkanyaga mtu mguu, unasema hilo. Ukisikia kafiwa na mamake, unasema hilo hilo. Sisi tunayo mawili na hatuyachanganyi: aliyekanyaga huomba samahani, na mpita njia aliyekukuta umeanguka hukupa pole. Nimeirudia ile video mara tatu, chai inanipoa mkononi, nikijaribu kumtafsiria yule bwana, na kila nikilifikia lile neno naliona linaangukia upande wa pole. Alikuwa akitupa pole! Kana kwamba siku 113 bila hoki zilikuwa theluji iliyotuangukia sote usiku, naye katoka asubuhi na sepetu kutusaidia kuiondoa mlangoni.

Bwana wee, mlango uliufunga wewe.

Nasema hivi kwa sababu miezi minne sasa kila nikipiga simu nyumbani kutoka hapa Toronto naulizwa swali moja: “Ati wachezaji wenu huko wamegoma?” (Hilo baada ya kucheka kwanza. Kwa jamaa zangu wa Mombasa hoki ni magongo, na magongo huchezwa kwenye nyasi. Marehemu babangu alikuwa akitusimulia jinsi Kenya ilivyomaliza ya nne kwenye Kombe la Dunia Barcelona 1971 kana kwamba alikuwa golini yeye mwenyewe. Magongo ya juu ya barafu aliyaona mara moja kwenye televisheni, akauliza kama wale watu wana wazazi.) Hawakugoma, jamani. Walimu wetu Kenya ndio waliogoma, Septemba, wiki tatu, na kila mtu alijua nani kaweka chaki chini na kwa nini. Huku mwezi huo huo mambo yalikwenda kinyume. Mkataba wa wachezaji na wenye timu uliisha usiku wa tarehe 15 Septemba. Wachezaji wakasema wako tayari kucheza huku mazungumzo yakiendelea. Wenye timu wakasema hakuna, wakafunga milango.

Kwa wasiopata picha: mwenye matatu anamwajiri dereva, anaweka sahihi mwenyewe kwamba atamlipa kiasi fulani, halafu asubuhi analiegesha gari, anatia ufunguo mfukoni na kuwatangazia abiria kituoni kwamba dereva ana tamaa. Na abiria wanaanza kumtukana dereva.

Sichekeshi. Tarehe 4 Julai mwaka jana timu ya Minnesota iliwasainisha Zach Parise na Ryan Suter siku moja, kila mmoja miaka 13 kwa dola milioni 98. Wawili hao peke yao ni karibu dola milioni 200. Hakuna aliyemshikia Craig Leipold bunduki. Timu ni yake, na kalamu ilikuwa yake. Haikupita miezi mitatu, Leipold huyo huyo yuko upande wa wenye timu kwenye mazungumzo, upande unaolia kwamba mishahara ya wachezaji imewashinda. Kule Boston, Jeremy Jacobs, mwenyekiti wa wenye timu wote, timu yake ilimwongezea Milan Lucic mkataba wa dola milioni 18 siku hiyo hiyo ya tarehe 15 Septemba. Mchana unaandika hundi, usiku unafunga duka kwa sababu hundi ni kubwa.

Mchezo ulikuwa nini basi? Ligi iliingiza kama dola bilioni 3.3 msimu uliopita. Wachezaji walikuwa wakipata asilimia 57. Julai wenye timu walifungua mazungumzo kwa kuwapa asilimia 43. Hebu pigeni hesabu. Asilimia moja ya fedha hizo ni dola milioni 33, kwa hiyo walichokuwa wakiomba ni karibu dola milioni 460 kwa mwaka, zitoke mfuko huu ziingie ule. Sokoni Kongowea mtu akikutajia bei ya namna hiyo unaondoka, na unamshauri mwenzako naye asipite pale. Mwisho wamekutana kwenye 50 kwa 50. Mtu yeyote aliyewahi kununua kanga angewaambia Julai kwamba wataishia hapo hapo. Miezi minne! Mechi 510 zimefutwa, mechi ya Mwaka Mpya ya Leafs, timu yetu ya Toronto, na Detroit pale uwanja wa Michigan imefutwa nayo, msuluhishi wa serikali ya Marekani akatembezwa baina ya hoteli na hoteli kama mshenga wa harusi iliyoharibika, ili wafike pale ambapo hata mtoto aliyetumwa dukani angefika.

Tena kuna kipengele kimoja nilipokisoma nilicheka peke yangu ndani ya basi. Kwa makubaliano haya ya 2013 mkataba wa mchezaji hauruhusiwi kupita miaka 7, au 8 akibaki timu yake. Waliopigania kipengele hicho kwa meno na kucha ni wenye timu. Yaani wametufungia hoki ili wafungwe mikono wasijiibie wenyewe.

Haya, nitatoa kidogo. Kuna timu zinazopata hasara kweli. Ile ya Phoenix ilichukuliwa na ligi yenyewe 2009, ingawa ningependa kujua ni nani aliyeona jangwani pa kuchezea barafu. Na wachezaji si malaika. Ovechkin alikwenda zake Dynamo Moscow, Kane na Seguin wakaenda Biel kule Uswisi, na kila mahali walipotua kuna kijana wa pale aliyekaa benchi kuwapisha. Donald Fehr, wakili anayeongoza chama chao, si mgeni wa mambo haya pia. Waulizeni wapenda besiboli kuhusu mgomo wa wachezaji wao aliouongoza 1994. Nimekubali. Tuendelee.

Sasa, nilijua atatokea msomaji wa kuniletea ile ya fahali wawili wakipigana ziumiazo nyasi. Nimeshaandikiwa na wanne. Hapana. Nyasi hazilipi kiingilio. Nyasi hazinunui jezi ya dola 130 yenye jina la fahali mgongoni. Nyasi hazilipii televisheni ya kebo mwezi baada ya mwezi ili ziwaone fahali vizuri wakizikanyaga. Kama mnataka nyasi za kweli kwenye kisa hiki, ninaye jirani yangu, ghorofa ya chini, Mkongo wa Bukavu, tunasalimiana kwa Kiswahili kila siku. Usiku wa mechi huuza vinywaji uwanjani. Halipwi mshahara wa mwezi. Hakuna mechi, hakuna kitu. Msimu wa kawaida una mechi 41 za nyumbani, na sasa zimebaki 24. Ondoa mwenyewe. Usiku 17 ambao mtu alishauhesabu kwenye kodi ya nyumba. Krismasi nilimkuta kwenye lifti amebeba gunia la mchele na boksi la chumvi ya kumwaga barafuni. Amepata kibarua cha kusafisha njia za watu kukidondoka theluji. Nikamuuliza theluji inakuja kweli mwaka huu? Akasema, “Kaka, ninaomba Mungu ianguke, halafu ninaona haya kuomba.” Katika kamera za Jumatano sikusikia akitajwa. Wala pole ya kukosea anwani hakupewa.

Na yupo mwingine. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee hapa Toronto, zamu ya jioni. Kuna mzee mmoja pale, simtaji, aliyekuwa na miaka thelathini na kitu Leafs walipochukua Kombe la Stanley, ubingwa wa NHL, 1967, ambayo ndiyo mara ya mwisho walipolichukua. Kumbukumbu zake zimeanza kuchuja. Jina langu hulipata siku moja moja. Lakini ikifika Jumamosi, kabla sijamaliza kumfunga vifungo vya sweta, ananiuliza: “Leo tunacheza na nani?”

Jumamosi ya kwanza ya Oktoba nilimweleza yote. Wenye timu, asilimia, milango. Alisikiliza vizuri, akapiga mkono wa kiti, akasema matajiri ni wale wale tu. Jumamosi ya pili akaniuliza tena, nikaeleza tena, akakasirika upya, hasira mbichi kabisa. Ya tatu sikuweza. Kumpa mtu mzima habari mbaya ile ile kila juma, na kila juma kwake ndiyo mara ya kwanza, ni ukatili. CBC, televisheni ya taifa ya Kanada, walikuwa wakijaza usiku wa Jumamosi kwa mechi za zamani, basi nikamsogeza karibu na televisheni, nikamtandikia lile blanketi lake la buluu magotini, nikamwekea. Hakujua kama ni za zamani. Au alijua akaninyamazia, wazee hawaaminiki. Zisipokuwepo za Leafs nilimtafutia kwenye kompyuta ya ofisini, na nakiri hapa hadharani kwamba nilikuwa nachagua. Sikumwekea hata moja waliyofungwa. Tangu Oktoba, katika mji huu mzima, ndiye shabiki pekee wa Leafs ambaye hajapoteza mechi.

Bettman amekuwa kamishna tangu Februari 1993 na hii ni mara ya tatu anafunga. Ya 1994 iliokolewa kwa msimu wa mechi 48. Ya 2004 haikuokolewa, msimu wote ulikwenda na maji, Februari 2005 akatangaza mwenyewe. Kombe la Stanley, tangu lianze kushindaniwa karne ya 19, lilikuwa limewahi kukosa mshindi mara moja tu katika zama za ligi hizi, mwaka 1919, kwa sababu ya homa ya mafua iliyoua watu dunia nzima. Basi weka homa upande mmoja na bwana mkubwa upande wa pili.

Kinachoniuma kweli ni sisi wenyewe. Tuliporudi 2005 tulikuta wameandika kwa rangi kwenye barafu kwamba wanatushukuru mashabiki. Rangi! Tukapiga makofi. Tukajaa. Mapato ya ligi yalikuwa kama dola bilioni 2.1 kabla hawajatufungia, na miaka saba baadaye yakawa 3.3. Tuliwaadhibu kwa kuwatajirisha. Sasa mtu aliyeadhibiwa hivyo kwa nini asifunge tena? Mimi ningekuwa yeye ningefunga kila mwaka mrefu. Na Toronto tumezidi. Kati ya 2005 na 2012 Leafs hawakugusa mechi za mtoano hata mara moja, na tiketi hazikupatikana. Novemba hii, katikati ya kufungiwa, barafu imezimwa taa, jarida la Forbes likatangaza kuwa Leafs ndio timu ya kwanza ya hoki kufikia thamani ya dola bilioni moja. Bila kucheza! Mwenye duka amefunga duka, na duka limepanda bei. Utamwambia nini mtu huyo akusikie?

Kuna wanaosema wataacha. Kuna walioahidi kususia mechi moja kwa kila mechi iliyofutwa. Nawaombea. Mimi niliapa mbele ya mama watoto kwamba mwaka huu sinunui kofia, sinunui jezi, silipi senti, akanisikiliza mpaka mwisho kisha akaniuliza niliapa nini 2005, na hii jezi ninayolalia niliinunua lini. Sikumjibu. Alfajiri ya Jumapili ile, tarehe 6, nilikuwa nikimalizia zamu ya kumshikia mwenzangu usiku, nikiwa korido na toroli la mashuka, simu ikatetemeka: wamekubaliana. Saa kumi na moja. Nilitaka kukasirika. Nimejiandaa miezi minne nikasirike. Badala yake nikajikuta namwamsha muuguzi wa zamu aliyekuwa amejiegemeza tu kidogo, kumwambia, na yeye ni Mfilipino, mpenzi wa kikapu, hajui hata Leafs ni majani gani.

Jana ratiba imetoka. Mechi 48. Jumamosi hii inayokuja, tarehe 19, Leafs wanaanzia Montreal. Brian Burke, aliyekuwa meneja wa timu, amefukuzwa Jumatano ile ile ya kupewa pole, siku tatu baada ya mlango kufunguliwa, kwa hiyo tunaanza kama tulivyozoea. Mimi Jumamosi hiyo nilikuwa na mapumziko. Nimeomba zamu.

Mzee ataniuliza tunacheza na nani, nami nitamwambia Montreal, na safari hii ni kweli. Kazi ipo tukifungwa. Hajafungwa tangu Oktoba, na sijui nitamwelezaje.