Majina ya tembo na mahindi ya Idodi

Juni 2024, watafiti wanaofuatilia tembo wa Amboseli na Samburu, Kenya, walitangaza kwamba tembo huitana kwa sauti inayofanya kazi kama jina. Huku Iringa, Tanzania, kwenye vijiji vya Idodi na Pawaga vilivyo jirani na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, habari kama hizo hupokelewa kwa uchungu, na uchungu huo una haki yake. Mtu aliyekesha juu ya dungu akipiga debe, shamba kalizungushia kamba zilizopakwa oili chafu na pilipili, kisha kukicha anakuta mahindi yamelazwa chini, hana sababu ya kushangilia majina ya waliomlia mazao. Kifuta jasho, yaani fedha ya serikali kwa aliyeharibiwa mazao, hata kikifika, hakijazi ghala.

Ana hoja nyingine iliyo nzito zaidi. Kama tembo analindwa kwa sababu anafanana nasi, fisi kakosa nini? Hapo sina la kumpinga.

Ninapoachana naye ni pale utafiti wenyewe unapobezwa kwa tarakimu moja: asilimia 27.5. Programu ya kompyuta ilipewa mingurumo 469 iliyorekodiwa kati ya 1986 na 2022, ikatakiwa itaje kila mngurumo ulielekezwa kwa tembo yupi. Ikapatia asilimia 27.5. Wabishi wanasema robo imepatikana, robo tatu ni kubahatisha. Sivyo. Walioitwa walikuwa 117, si wawili, na programu ilipolishwa takwimu zisizo na mpangilio wowote iliambulia asilimia 8 tu. Isitoshe, hakuna anayedai kwamba kila mngurumo una jina ndani yake. Mama naye hamtaji mwanawe kila anapofungua kinywa. Kwa hiyo asilimia mia haikuwahi kuwepo ya kufikiwa, na hiyo 27.5 inabeba uzito kuliko inavyoonekana.

Kwangu mimi, lililokata shauri zaidi ni jaribio la spika. Tembo 17 walisikilizishwa mingurumo ya mwenzao yuleyule, mmoja uliokuwa umeelekezwa kwao na mwingine kwa tembo mwingine. Walipoitwa wao, walisogea na kuitika upesi zaidi. Tena hawaigi sauti ya anayeitwa, tofauti na pomboo, ambao huiga.

Kweli, watafiti hawajaweza kulichomoa jina lenyewe kutoka kwenye mngurumo, wala haijathibitika vya kutosha kwamba ukoo mzima humwita mmoja kwa sauti ileile. Hayo ni mapungufu ya kweli. Lakini hayafuti jambo la msingi: tembo anamtambua mwenzake mmoja mmoja.

Jambo hilo lina uzito hapa kwetu. Nchi hii ilikuwa na tembo wapatao 109,000 mwaka 2009. Ilipofika 2014 walibaki kama 43,000, na Ruaha ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoumizwa sana. Jangili hufuata pembe kubwa, yaani huanza na wazee. Utafiti wa Mikumi uliochapishwa 2008 ulikuta kwamba majike waliobaki bila bibi wa ukoo na bila ndugu wa karibu walikuwa na homoni za msongo nyingi zaidi na walizaa kidogo. Kuhesabu vichwa tu hakuonyeshi hasara ya namna hiyo.

Na mkulima ndiye angefaidika zaidi tembo wakitambuliwa mmoja mmoja. Utafiti mwingine wa Amboseli, wa 2012, ulionyesha kwamba dume huelekea zaidi kuvamia mashamba kama rafiki zake wa karibu, hasa waliomzidi umri, wana mazoea hayo. Basi adui wa shamba si "tembo" kwa jumla. Ni madume fulani, wanaotambulika, wenye wanafunzi wao. Kundi la majike na watoto linalopita kwenda mtoni linabebeshwa lawama isiyo yake, na madume wenyewe wanarudi msimu unaofuata.

Siku hizi uharibifu ukiripotiwa, kinachopimwa ni ekari. Nataka mtendaji wa kijiji na askari wa wanyamapori wamuulize pia aliyekuwa juu ya dungu, maana yeye ndiye aliyemulika tochi: sikio lipi limechanika, pembe ipi imevunjika, alikuwa peke yake au na vijana. Tembo hutambuliwa kwa alama hizohizo, na rekodi ya misimu kadhaa ingetosha kujua ni dume gani wa kufungwa kola ya kufuatilia mwendo wake na kuzuiwa kabla hajafika shambani.