Jibu ambalo mlipaji hakulitaka

Msimu wa bajeti hapa Dodoma huhitaji kalenda kuujua. Kuanzia Aprili nyumba za wageni zinajaa, na kila mgahawa una meza moja ya watu wenye makabrasha. Wapo waliotumwa na wenye viwanda, wapo wa vyama vya wafanyabiashara, wapo wa mashirika ya nje. Wachache mno wanatoka kwenye vituo vya utafiti wa uchumi visivyo vya serikali wala vya tajiri fulani. Hao wachache ndio ninaotaka kuwasema leo, kwa wema na kwa ubaya.

Vituo vya aina hiyo tunavyo. REPOA, cha utafiti wa kupunguza umaskini, na ESRF, cha utafiti wa uchumi na jamii, vilizaliwa miaka ya 1990, nchi ilipokuwa inalegeza uchumi uliokuwa mikononi mwa dola, na serikali yenyewe ikahitaji mtu wa pembeni wa kuipigia hesabu. Vyote vikajenga makao Dar es Salaam, na wakati huo ilikuwa sawa, maana wizara zilikuwa huko. Sasa Wizara ya Fedha iko Mtumba, kwenye mji wa serikali hapa Dodoma, Ofisi ya Taifa ya Takwimu iko hapa hapa mjini. Lakini umbali wa basi au treni si hoja yangu. Kituo kinaweza kupanga ghorofa mkabala na Bunge na bado kikawa mfukoni mwa mtu. Uhuru wake mimi naupima siku kinapompa aliyelipa jibu ambalo hakulitaka.

Twende Kongwa kidogo, wilaya ya mkoa huu huu wa Dodoma. Mwaka 1946 Uingereza, iliyokuwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita, ilituma ujumbe wa watu watatu chini ya John Wakefield. Walizunguka kwa wiki tisa, wakaandika taarifa: zaidi ya ekari milioni 3 zinaweza kulimwa karanga, sehemu kubwa hapa Tanganyika. Mwaka uliofuata matrekta yakaanza kung'oa vichaka vya Kongwa. Mvua zikawa chache. Udongo ulipokauka ukawa mgumu kama sakafu, karanga zikabaki chini zikikataa kutoka. Kufikia 1951 mradi ulikuwa umekufa, na pauni milioni 36 hivi zimefukiwa.

Wakefield hakuwa mgeni wa kupotea njia. Alikuwa amewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika. Kilichomponza, kwa maoni yangu, ni kwamba swali alilopewa lilikuwa na jibu ndani yake: karanga zilikuwa zinatakiwa, na upesi. Wagogo waliokuwa wakilima uwele na mtama pale walikuwa na sababu zao za kulima uwele na mtama. Wiki tisa hazitoshi kuzisikia.

Nimewahi kuwa mdadisi, yule kijana anayekuja kijijini na kishkwambi na dodoso la maswali mia na kitu. Kazi moja, sitataja ya nani, ilihusu mbegu bora. Kaya baada ya kaya, upande wa Chamwino, watu walituambia mbegu zilifika mvua zikiwa zimeshakatika, wengine wakazisaga wakala ugali. Tulijaza hivyo hivyo. Rasimu ya kwanza ilikuwa na jedwali la tarehe za kupokea mbegu. Taarifa ya mwisho, yenye jalada la kung'aa, haikuwa nalo. Hakuna aliyedanganya neno hata moja. Jedwali lilihama tu. Tangu siku hiyo nikipewa taarifa yoyote naanzia nyuma, kwenye viambatisho, natafuta hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi ambayo mlipaji alimwagiza mtafiti. Zikikosekana, napunguza imani nusu kabla ya ukurasa wa kwanza.

Kuna wanaosema suluhisho ni kukataa fedha za wafadhili. Sikubaliani nao. Utafiti wa kaya ni mafuta ya gari, posho, wiki nzima kwenye vumbi. Lazima mtu alipe. Serikali ikilipa peke yake, nayo ina jibu inalolipenda. Tusisahau mwaka 2018, Sheria ya Takwimu ilipofanyiwa marekebisho hadi kutoa takwimu zinazopingana na za serikali kukawa kosa la kumpeleka mtu jela. Mwaka 2019 Bunge likakilegeza kifungu hicho. Jambo jema, ila watafiti ninaowajua bado wana tabia waliyoipata mwaka ule: sentensi ikianza kuuma wanaizungusha mpaka imelala.

Na maswali yanayohitaji sentensi isiyolala ni mengi. Chukua alizeti. Ushuru wa mafuta ya kula kutoka nje ukipanda, mkulima wa Singida na Kondoa anafurahi, mama ntilie wa Majengo analia dumu limepanda. Ukishushwa, kilio kinahamia shambani, na mwenye kinu cha kukamua anafunga mlango. Mwenye kiwanda atakuletea hesabu za upande wake, mwagizaji za upande wake. Wa kusema waziwazi nani anaumia, kwa kiasi gani, na kwa misimu mingapi kabla kilimo hakijakaa sawa, ni kituo kisicho na dumu wala gunia kwenye mchezo huo. Wakija na "wadau washirikishwe" mwishoni mwa kurasa sitini, wametula hela.

Jambo moja zaidi, dogo, lakini linanikera kuliko yote. Katika kazi ile ya mbegu, bibi mmoja wa Chamwino nilimsalimia "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo, akanipa kigoda kivulini, akajibu maswali kwa saa nzima na mboga zikiungua jikoni. Tulipomaliza akauliza, "Mjukuu wangu, majibu yetu mtatuletea lini?" Nikamwambia watayaleta. Taarifa ilitoka kwa Kiingereza, ikazinduliwa kwenye ukumbi wa hoteli. Ninayo nakala moja kabatini. Juzi nimeanza kuitafsiri mwenyewe, ukurasa mmoja mmoja usiku, nianzie na lile jedwali, maana nambari zake bado ziko kwenye daftari langu la udadisi.