Siku 42 za Nyimbo Katika Ua Wetu wa Walukuba

Rais wa Uganda alipotangaza tarehe 18 Juni 2021 kwamba nchi itafungwa kwa siku 42 kwa sababu ya korona, watoto wangu watatu walikuwa wamekwisha kurudi nyumbani, kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa tena mapema mwezi huohuo, baada ya kufunguliwa kwa shida, darasa moja moja. Safari za kutoka wilaya moja hadi nyingine zilipigwa marufuku, magari ya abiria yakasimama, na ilipotimia saa moja jioni kila mtu alitakiwa awe ndani. Sisi tunakaa Walukuba, mtaa wa Jinja uliojengwa enzi za ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi, na nyumba zetu zimepangwa mstari mmoja zikitazama ua wenye bomba moja la maji na mwembe mmoja. Familia sita hutumia ua huo. Humo ndimo nilimojifunza jambo ninalotaka kulitetea hapa: maigizo ya nyimbo yanayotungwa na majirani ni sehemu ya malezi, na tulikosea tulipoyaacha mara tu shule zilipofunguliwa.

Jirani yetu mmoja ni mwalimu wa shule ya binafsi ambaye hakuwa amelipwa mshahara tangu Machi 2020. Asubuhi alikaanga chapati kando ya barabara, na jioni alikaa barazani kwake kimya. Kwa miaka mingi alikuwa akiwaandaa wanafunzi kwa mashindano ya muziki, ngoma na maigizo, yale ambayo kila aliyesoma shule ya msingi Uganda anayakumbuka kwa jasho na vumbi lake. Binti yangu wa pili, aliyekuwa na miaka 9, alikuwa akilia kila jioni akimtaka bibi yake aliyeko Tororo, kilomita zipatazo 130 kutoka kwetu. Siku moja mwalimu alimwita, akamwambia, "Basi, mwanangu, tumlete bibi kwa wimbo."

Mchezo wote ulizaliwa katika sentensi hiyo. Bibi anaondoka chini ya jabali la Tororo akiwa na kikapu cha karanga na kuku mmoja, anataka kufika Jinja kabla ya giza, na kila anapofika kwenye kizuizi anaambiwa kwamba hana ruhusa ya kupita. Hana karatasi yoyote ya kuonyesha, ana nyimbo tu. Mjini Bugiri anaimba wimbo wa kuomba, mjini Iganga anaimba Kisoga na wale waliomzuia wanajikuta wanacheza, na kwenye kinamasi kuna mamba asiyependa muziki kabisa. Maneno mengi yalikuwa ya Kiswahili, kwa sababu ndicho kinachotuunganisha sisi watu wa Walukuba, lakini mama mmoja Mjaluo alitunga ubeti kwa lugha yake, na familia ya Wanubi iliyo nyumba ya mwisho ilitupa mapigo ya ngoma ambayo sijawahi kuyasikia kwingine.

Ala tulizitengeneza wenyewe. Mbao zilizobaki kwa fundi seremala zilikatwa kwa urefu mbalimbali na kulazwa juu ya vigogo viwili vya mgomba, kama yanavyopangwa amadinda, marimba ya Waganda, na vijana wanne wakazipiga kwa kupokezana. Jerikeni za njano ziligeuka ngoma za besi. Leso tatu zilizofungwa kwenye kamba ya nguo zikawa pazia. Mtoto mdogo kuliko wote, ambaye hakuweza kushika sauti yoyote, alipewa kopo lenye maharage na kazi ya kuleta mvua, na mvua ile haikunyesha hata mara moja kabla ya wakati wake.

Niseme zaidi kuhusu mwanangu mkubwa, kwa sababu ndiye aliyenibadilisha mawazo. Alikuwa na miaka 14, na kwa muda wa mwaka mzima hatukuwa tumezungumza zaidi ya salamu na maagizo. Mwalimu alimkabidhi usimamizi wa jukwaa, na yeye akanipa mimi nafasi ya mamba. Jioni ya pili ya mazoezi aliniambia mbele ya ua wote, kwa adabu lakini bila kusita, "Baba, umechelewa kuingia. Msikilize bibi mpaka aseme neno 'maji', ndipo utoke." Nilirudia mara tano. Nilipofanya vizuri alitikisa kichwa cha kukubali, na nilifurahi kama mtoto aliyepata alama. Sikuwa nimejua kwamba ana subira ile, wala kwamba anaweza kukumbuka maneno ya watu kumi na sita kwa moyo. Baada ya mazoezi tulikuwa tukiketi kwenye ngazi kupanga ya kesho, na maongezi yakahama kutoka kwenye mchezo yakafika mahali ambapo hayakuwa yamefika kwa muda mrefu.

Hatukuwaalika watu wa nje. Kila familia ilitazama kutoka barazani kwake, wakubwa wakiwa wamevaa barakoa, na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, alipopita alituhesabu, akatuomba tutenganishe mabenchi, akabaki kusikiliza wimbo mmoja. Tulianza saa kumi na moja ili tumalize mapema kabla ya kafyu.

Mzee mmoja wa mstari wetu alipinga. Alisema watu wanazikwa kila siku na sisi tunapiga jerikeni. Sikumjibu, kwa sababu alikuwa akisema kweli: mwezi ule wa Juni ulikuwa na vifo vingi, na hewa ya oksijeni ilikuwa ikitafutwa kila mahali. Msiba ulipofika nyumba ya nyuma yetu tulinyamaza kwa siku nne. Siku ya tano mjane mwenyewe ndiye aliyetuma mtoto kuuliza kwa nini hatuimbi. Mwalimu akatunga wimbo wa kufungulia, mfupi, unaotaja mwembe na kiti kilichobaki wazi, na tangu jioni hiyo mchezo haukuanza bila wimbo huo. Yule mzee alikuja kusimama karibu na ngoma. Naamini mpaka leo kwamba pingamizi lake lilitufanya tuimbe kwa uangalifu zaidi.

Wapo wanaosema kwamba maigizo ya nyimbo ni anasa ya watu wa Kampala wenye fedha za tiketi. Historia yetu haisemi hivyo. Byron Kawadwa, aliyeongoza kazi za sanaa katika National Theatre, aliandika tamthilia za nyimbo kwa Kiganda, lugha ya watazamaji wake, na mwaka 1977, baada ya kikundi chake kurudi kutoka FESTAC, tamasha la sanaa za watu weusi lililofanyika jijini Lagos, alikamatwa na kuuawa na utawala wa Idi Amin. Utawala hauogopi anasa kiasi hicho. Na kundi la Ndere, lililoanzishwa mwaka 1984, limejengwa juu ya ngoma na hadithi za vijijini, hizihizi zilizokuwa zikichezwa uani kabla hatujajengewa kumbi.

Shule zilifunguliwa tarehe 10 Januari 2022, na kumbi za burudani wiki mbili baadaye. Nilishukuru, hasa kwa ajili ya wasanii waliokaa karibu miaka miwili bila riziki. Lakini ua wetu ulinyamaza. Watoto walirudi na mizigo ya mazoezi ya nyumbani, na nyimbo zikarudishwa shuleni, ambako huchaguliwa wenye sauti nzuri na wengine huambiwa wakae madirishani watazame. Mtoto wa kopo la maharage hawezi kuchaguliwa huko. Baba anayechelewa kuingia hana nafasi huko. Ndiyo maana nawaomba wazazi wenzangu watenge Jumapili moja kila mwezi kwa ajili ya mchezo wa ua, na wenye nyumba wa mitaa kama yetu wasiwafukuze watoto kwa sababu ya kelele za muda wa saa moja tu.

Safari za wilaya ziliporuhusiwa mwishoni mwa Julai 2021, mama yangu alipanda gari la kwanza alilolipata, akashuka Jinja akiwa na karanga kweli, ingawa kuku hakuwepo. Tulimwigizia jioni ileile. Alisikiliza mpaka wimbo wa kinamasi, akainua mkono, akasema kwamba bibi mwenye umri wake hawezi kuimba mbio namna ile akiwa na kikapu kichwani. Binti yangu akaifungua leso moja iliyokuwa pazia, akamfunga kiunoni, akampisha nafasi. Aliimba polepole sana. Nami nikangoja mpaka aliposema "maji", ndipo nikatoka.