Bakteria wapo, lakini leo wanafanya kazi gani?

Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti wa bakteria wa utumbo wa Wahadza, jamii ya wawindaji na wakusanyaji wa chakula cha porini, kule kando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania. Mwaka 2017 ukafuata mwingine ulioonyesha kwamba bakteria hao hubadilika kati ya kiangazi na masika. Tafiti zote mbili zilitegemea kusoma jeni, na nazithamini sana. Ila jeni hukuambia nani yupo na ana uwezo gani, si nani yuko kazini.

Mfano ni Eggerthella lenta, bakteria anayeweza kuiua nguvu digoxin, dawa ya moyo. Mwaka 2013 ilibainika kwamba ajinini, mojawapo ya asidi amino tunazopata kwenye protini za chakula, humzuia asifanye hivyo. Kwa hiyo wagonjwa wawili wanaweza kuwa na bakteria yuleyule, na dawa isipotee kwa kiasi kilekile.

Hapo ndipo ninapovitetea vichunguzi vya kemikali. Kila kimoja ni molekuli ndogo yenye kichwa kinachonasa pale hasa kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemikali) kinapofanyia kazi yake, na mkia unaong'aa. Mvuvi wa Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, hahitaji maelezo zaidi: samaki aliyefumba mdomo hanaswi na ndoano. Kimeng'enya kilicholala nacho hakinaswi. Benjamin Cravatt na wenzake waliifungua njia hii mwaka 1999, na tangu hapo imefika hadi kwenye kinyesi cha binadamu, kusaka vimeng'enya vya bakteria vinavyoiamsha upya sumu ya irinotecan, dawa ya saratani, ndani ya utumbo na kumharisha mgonjwa vibaya.

Wanaopinga wana hoja nzito. Chambo ndicho kinachochagua samaki: kichunguzi huona familia ya vimeng'enya kilichotengenezewa tu, na kisichonaswa si lazima kiwe hakipo. Bakteria wengine wana utando wa nje unaokizuia kuingia. Ukiwapasua kwanza, tayari umeyavuruga mazingira uliyotaka kuyapima.

Kwangu mimi hoja kubwa kuliko zote ni ya barabarani. Bakteria wengi wa utumbo hawaivumilii oksijeni. Sampuli ikitoka Mbagala kwenye kiboksi cha barafu, ikakaa foleni saa nzima ndani ya bajaji, ikafika umeme umekatika, tutakachopima ni utumbo au ni safari? Jeni huivumilia safari hiyo kuliko kazi ya vimeng'enya inavyoivumilia. Na kujua kwa hakika ni protini gani iliyonaswa kunadai mashine ya kupima uzito wa molekuli, ambayo bei yake na matengenezo yake ni mzigo kwa maabara nyingi.

Hata hivyo sikubali tuishie kutuma sampuli nje na kusubiri majibu. Penisilini yenyewe ni ndoano ya aina hii: hujifunga kwenye protini zinazojenga ukuta wa bakteria. Ikifungwa rangi inayong'aa, kila protini iliyonaswa hutokea kama mstari kwenye jeli ya kutenganishia protini, na mstari uliofifia au kutoweka kwa bakteria sugu ni swali zuri la kuanzia. Ningeanzia hapo, na bakteria tunaowakuza wenyewe kwenye sahani za maabara jijini. Utumbo ningeugusa baadaye, tukishapata vyombo visivyopitisha hewa na jokofu lenye jenereta yake.